Rangi ya Nyumba ya Fundi

Ungedhani nyumba ya Fundi Rangi ndiyo ya kutolewa mfano mtaa mzima. Thubutu! Ndani mle kila ukuta ulikuwa wa mtu mwingine. Jikoni mlipakwa kijani kilichobaki zahanati. Chumba cha watoto kilipata njano ya shule ya chekechea, njano ikaishia chini ya dirisha, pakamaliziwa na krimu ya duka la viatu. Sebule ndiyo usiseme: ukuta mmoja kijivu cha ofisi ya wakili, wa pili waridi la saluni, na ule wa mlangoni ulikuwa na rangi usiyoweza hata kuitaja mbele ya wageni. Mama Pacha, mkewe, aliishi humo na makombo ya wenzake, na alijua kabisa ni makombo, maana kila kopo lilipoingia mumewe alimwambia limetoka wapi, tena kwa majivuno.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alizoea. Mpaka siku hiyo wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke asiyeweza kulala na habari tumboni, alipoingia bila hata hodi.

"Wifi, umekaa tu? Kaka yangu yuko kwa mshona mapazia."

"Najua. Anampakia nyumba."

"Hapaki chochote! Wameweka viti viwili, wanaangalia ukuta."

"Wanaangalia nini?"

"Ukuta, wifi. Na jana vilevile, na juzi. Haya, mimi nimesema tu, mdomo wangu naufunga."

Angeufungia wapi mdomo ule!

Mama Pacha alibaki ameshika mwiko. Angeambiwa wameshikana mikono angejua la kufanya. Angevaa viatu, angekwenda, na mtaa ungepata cha kusimulia. Lakini kuangalia ukuta? Fundi, ambaye kwake chai aliinywa amesimama? Fundi, ambaye ukimwambia keti tuzungumze husema anakumbuka kuna brashi hajaiosha? Leo ametulia kwa mwanamke wa watu jioni tatu, anaangalia ukuta! Wivu ukamfanya aweke mwiko chini. Akachukua koti la mumewe, eti anampelekea kwa sababu ya baridi, na jasho lilikuwa likimtiririka yeye mwenyewe.

Mshona mapazia alikuwa mwanamke aliyeishi peke yake na cherehani yake, miwani ikining'inia kifuani. Ukuta wake ulikuwa na viraka vya rangi, kila kimoja ukubwa wa sahani, vyote bluu na hakuna bluu iliyofanana na mwenzake. Mbele ya ukuta, kweli, viti viwili, na juu ya kimojawapo Fundi amekaa kama mtu aliyezaliwa amekaa.

"Karibu, shoga," mwenye nyumba alisema. "Umekuja wakati mzuri. Hebu tuambie, wewe unaona kipi kinapendeza?"

"Rangi mbichi ni mwongo, unajua," Fundi alidakia, macho yanang'aa. "Lazima ikauke. Uione asubuhi, uione mchana, uione na taa. Ndiyo maana tunakaa nayo."

Tunakaa nayo! Mama Pacha hakuona bluu wala nyeusi. Aliona viti tu.

"Vyote vizuri," alisema, akambwagia mumewe koti mapajani, akaondoka.

Usiombe ukutane na kilichomsubiri Fundi nyumbani.

"Mimi umewahi kunipakia kiraka hata kimoja?" alimuuliza kabla hajavua viatu.

"Wewe? Siku tunahamia hapa si nilikuuliza? Ukasema rangi yoyote tu."

"Nilikuwa na mimba ya pacha, Baba Pacha! Siku ile ungeniambia tulale kwenye mti ningekubali!"

Fundi akakuna kichwa. Alikuwa mtu mwema, jamani, tusimwonee. Tatizo lake ni kwamba neno akishalisikia mara moja hushika hilo hilo maisha yote.

Kesho yake alirudi mapema. Mkononi kabeba ndoo ya rangi, nzima, kifuniko hakijaguswa. Akaiweka katikati ya sebule.

"Yako hii. Haijapakwa popote."

Moyo wa Mama Pacha ulimruka. Aliifuta ile ndoo vumbi ambalo haikuwa nalo. Fundi alipoingiza bisibisi na kifuniko kuachia, aliinama kuchungulia, na rangi ikamtazama: rangi ya chungu kilichochomwa vizuri, yenye joto lakini haina kelele. Ilikuwa nzuri. Nzuri hasa. Tayari aliiona sebule nzima imetulia, wageni wanauliza nani kachagua.

"Umechagua mwenyewe?" aliuliza, sauti imelainika.

Mwanamume mwingine angeitikia tu, yakaisha. Fundi hakujua kudanganya, na siku nyingine hilo ni balaa ndani ya ndoa.

"Nimesaidiwa na mshona mapazia. Yule mama ana jicho, mke wangu, acha! Nimemweleza dirisha letu liko wapi, nimemweleza na wewe ulivyo, akasema hii ndiyo itakufaa."

Alisema huku anatabasamu, anasubiri ashukuriwe.

Mama Pacha aligonga kifuniko kwa ngumi mpaka kikakaa, akajitwika ndoo, akatoka. Watu walimpisha njiani bila kuambiwa.

"Rangi yako hii," alimwambia mshona mapazia pale mlangoni. "Nyumba yangu hunichagulii wewe."

Yule mwanamke aliweka mkasi chini taratibu. "Dada, mimi nimeulizwa, nikajibu. Kama nimekosea, samahani. Wewe ulikuwa unataka ipi?"

Mama Pacha akafungua mdomo. Matusi alikuja nayo, yamejipanga mstari. Rangi hakuja nayo. Alitafuta moyoni akakuta kijani cha zahanati, njano ya chekechea, waridi la saluni. Yake mwenyewe hakuikuta. Nyuma ya yule mwanamke ukuta wa bluu ulikuwa umeshapakwa wote, bluu aliyoitaka mwenyewe, na mapazia yameungana nayo kama yamezaliwa pamoja. Hapo wivu ukamuuma mahali pengine kabisa, na huo hakuwa na wa kumtukania. Aliiacha ndoo pale pale akarudi zake.

Siku ya mapumziko ilipofika, Fundi alikuta makochi yamevutwa katikati na ukuta wa mlangoni umepigwa msasa.

"Leo hutoki," mkewe alisema. "Nataka viraka."

"Vya rangi gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka viraka."

Fundi akachanganya. Akapaka. Mama Pacha akaleta viti viwili, akakaa, akapigapiga kile cha pili mpaka mumewe akakaa.

"Umeona kipi?" Fundi aliuliza jua lilipofika dirishani.

"Bado."

"Na sasa?" aliuliza jioni, taa zimewashwa.

"Bado. Tulia."

"Mke wangu, kuna brashi sijaziosha."

"Kwa mshona mapazia zilikuwa zinajiosha?"

Fundi akarudisha makalio kitini. Wakakaa. Baada ya muda akaanza kumsimulia habari za utotoni mwake, alivyokuwa akichora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyanya yake na kuchapwa, mambo ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia. Mama Pacha alimsikiliza bila kuyatoa macho ukutani.

Kiraka chake alikuwa ameshakijua tangu asubuhi, hata kabla hakijakauka. Kile cha pembeni, karibu na swichi. Kilimwingia moyoni chenyewe, hakuna aliyemwambia.

"Haya, kipi?" Fundi aliuliza, anapiga miayo.

"Bado," alisema Mama Pacha, akavuta kiti chake karibu na cha mumewe. "Kesho tukae tena."