Mrija wa Maji ya Kumwaga

Mimi sina subira, na sijawahi kudanganya mtu kwamba ninayo. Mke wangu husema nilizaliwa nimekunja uso. Sasa mtu kama mimi mpe karatasi yenye michoro ya mishale, mirija ya rangi nne na maandishi ambayo sijui hata ni ya lugha gani, halafu umwambie afunge mtambo wa kuchuja maji chini ya sinki, ndani ya kabati ambalo hata paka angeingia kwa kuinama. Jamani!

Lakini ilibidi. Maji ya mtaa wetu yanatoka kwenye kisima kirefu na yana chumvi, sabuni yenyewe haitoi povu. Mama, ambaye alihamia kwetu mwaka jana, figo zake zimechoka. Daktari alisema bila kuzunguka: chumvi ipungue kwenye chakula na kwenye maji, la sivyo ataanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Tulipotoka nje Mama akaniuliza, "Hiyo mashine inauma?" Nikamwambia hafiki huko. Piga ua, hafiki.

Siku tatu nililala chali jikoni, kichwa kabatini, miguu nje, watu wa nyumbani wakiniruka kama kizingiti. Nikikaza huku, kunavuja kule. Nikikaza kule, pampu inanguruma na hakuna hata tone. Nikamwita fundi bomba, ambaye mtaa mzima unamwita Kesho kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Alikuja baada ya kesho nne. Akachungulia, akacheka, akageuza kidude kimoja nilichokifunga kinyume.

"Bosi, ulikuwa unayachuja kurudi nyuma," akasema.

Nusura nimrushie spana.

Maji yakaanza kutoka. Kesho akasema tenki la kwanza lote ni la kumwaga, la kuoshea mtambo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kiganja shavuni.

"Mwanangu, unamwaga maji masafi?"

"Ndivyo inavyotakiwa, Mama."

"Na huo mrija mweusi unaochuruzika, nao unapeleka wapi?"

Kesho akamweleza kwa upole kwamba huo ndio unaoondoa chumvi. Ukitaka ndoo moja ya kunywa, kama ndoo tatu hivi zinakwenda na chumvi kwenye bomba la maji machafu.

"Tatu!" Mama akashika kichwa. "Sisi ndoo moja tulioga watu watano, na ya kuoshea vyombo ikabaki!"

"Mama, tafadhali, usiguse kitu humo ndani."

"Nani kasema nitagusa?"

Kesho akaniachia kipimo kidogo kama kalamu, unakichovya kwenye glasi kinakusomea uchafu ulioyeyuka majini. Maji ya bomba yalisoma elfu moja mia nane. Yaliyochujwa yalisoma arobaini. Nilijisikia mtu mzima siku hiyo! Nikatangaza nyumba nzima isikie: maji haya ni ya Mama peke yake, atakayeyagusa tutaonana. Na mimi mwenyewe sikuyagusa.

Wiki ya pili kipimo kikasoma mia tatu. Siku chache baadaye, mia saba. Nikaenda kwa Mama mbio.

"Mama, maji yakoje?"

"Matamu, baba. Mungu akubariki."

Ala! Kumbe kipimo ndicho kibovu. Nikabadilisha betri. Kikasoma mia tisa. Nikampigia simu muuza duka, nikamwambia ameniuzia takataka. Nikampigia Kesho, nikamwambia mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Mke wangu, aliyekuwa akikata vitunguu, akauliza, "Baba watoto, si uyaonje tu?"

"Ninywe maji ya mgonjwa? Hivi wewe una akili kweli?"

Akafyonza, akaendelea na vitunguu vyake. Siku mbili hakunisemesha.

Miguu ya Mama ikaanza kuvimba. Siku ya kliniki ilipofika, daktari aliitazama karatasi ya majibu muda mrefu kuliko kawaida. "Figo zimerudi nyuma," akasema. "Anakunywa maji gani?"

"Ya mtambo," nikajibu, kifua mbele.

"Una hakika?"

Mama akatazama sakafu. Mimi nilidhani amechoka.

"Mwezi ujao hali ikiwa hii hii," daktari akasema, "tunamwanzishia mashine."

Njia nzima nilikuwa nachemka. Tulipofika nyumbani nikamwita Kesho, na ajabu akaja siku hiyo hiyo. Nilianza kumfokea kabla hajatua mkoba wake. Akaniacha nimalize. Kisha akapiga magoti, akaingiza kichwa kabatini.

"Bosi, hebu njoo uone."

Mrija mweusi ulikuwa umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa kipande cha kitambaa, kisawasawa, haupitishi hata tone. Lile fundo nililijua. Ndilo Mama alilokuwa akinifungia mkoba wa shule ulipokatika mkanda, na hakuna mtoto aliyewahi kulifungua.

"Chumvi ilikosa pa kutokea," Kesho akasema. "Ikabaki humo humo, ikawa inapenya kwenye maji yake. Kichujio kikubwa kimekufa."

"Mama!" Nadhani hata majirani waliitika.

Akaja polepole na miguu yake ile. Hakukana.

"Nilikuwa nausikia unachuruzika kutwa nzima," akasema. "Roho inaniuma. Nikasema nikuokolee maji."

"Na chumvi hukuisikia mdomoni?"

"Niliisikia. Tangu wiki ya pili."

"Sasa kwa nini uliniambia ni matamu?"

Akaushika ukingo wa meza. "Mwanzoni nilidhani ndivyo mtambo ulivyo. Nilipokuja kusema, ulikuwa unamfokea muuza duka. Baadaye ukamfokea fundi. Ukamfokea mkeo mpaka akanuna. Nikaona zamu iliyobaki ni yangu."

Kesho akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya Mama, wala hakusema, "Nilikwambia." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama yangu amekunywa chumvi wiki kadhaa, ananitazama usoni, anasema matamu, kwa kuniogopa mimi.

Kichujio kipya kilipatikana kabla ya jioni. Mrija mweusi tukaurefusha hadi kwenye pipa uani, Mama apate maji ya kudekia na ya chooni. Alikwenda kulichungulia lile pipa, akatikisa kichwa kukubali. Tenki la kwanza nalo tukalimwagia humo.

Tenki la pili nikajaza glasi. Kipimo kilisoma thelathini na tano, lakini sikukijali. Nikaonja mimi kwanza. Ulimi uliozoea maji ya kisima haukunisaidia kitu, nikampa Mama.

Akapiga funda moja, akalishika mdomoni, akameza.

"Sema kweli, Mama."

Hakuitazama glasi. Alinitazama mimi usoni, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

"Yana ladha ya plastiki," akasema kwa sauti ndogo, na mguu mmoja akaurudisha nyuma.

Maneno yalinijaa kinywani. Nikayameza yote.

"Asante, Mama," nikasema. Nikafungua koki, nikaanza kulimwaga tenki upya.