Siku Tuliyojifanya Tumesafiri

Maneno yenyewe niliyasikia saluni, kichwa kikiwa ndani ya beseni na povu likinitiririka masikioni. Msusi alikuwa amenipa mgongo, hakujua ni nani anayeoshwa. Alikuwa akimwambia mteja aliye kwenye kiti kwamba wale wenzangu watatu wamekaa kikao bila mimi, na wamekubaliana sikukuu hii wasimwachie "yule wa nyumba ya kona" aandae.

Yule wa nyumba ya kona ni mimi.

"Wanamruka?" mteja akauliza.

"Sasa atawalisha nini, upepo?"

Wakacheka, tena bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakitaja mvua iliyolowesha nguo za jirani. Mimi nikabaki nimeinama, maji yakapoa shingoni. Nilipoinuka nilisema nimekumbuka jambo nyumbani, nikatoka na nywele mbichi.

Sisi ni nyumba nne. Tumezoeana tangu wanetu wakiwa mgongoni, na sikukuu kwetu huliwa kwa zamu: mwaka mmoja kwa fundi cherehani, unaofuata kwa mwingine, mpaka duara litimie. Mwenye zamu anapika, wengine wanakuja na watoto na midomo yao. Safari hii zamu ilikuwa imeniangukia mimi, na ilikuwa imeniangukia vibaya. Kiwanda cha magodoro alikofanya kazi mume wangu kilifungwa tangu mwanzoni mwa mwaka. Mtu aliyezoea kukata sponji kwa rula na wembe sasa alikuwa akipakua mbao sokoni, siku akiitwa, na siku nyingi haitwi.

Hayo yote nilikuwa nayavumilia. Lakini kurukwa! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikimenya kitunguu lipo, nikikunja nguo lipo. Siku ya tatu nikaenda kwa fundi cherehani, shoga yangu wa karibu kuliko wote, nikiwa na uongo wangu mkononi kama mtu anayepeleka nguo ya kupunguzwa.

"Shoga, sikukuu hii hatutakuwepo. Tunasafiri. Dada yangu ametuita."

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Safari ya lini hii? Mbona hukuitaja?"

"Ya ghafla."

"Na mama mkwe wako mnaye?"

"Tunaye. Sote."

Akanitazama. Nikatazama cherehani.

"Na kuku je?"

Uongo una tabia hiyo, unakusahaulisha kuku. Nilikuwa na kuku watatu wa mayai nyuma ya nyumba, na mtu anayesafiri na nyumba nzima hawaachi kuku wafe njaa. Ikabidi nimwombe awape pumba asubuhi na jioni. Akakubali. Niliporudi nyumbani nilijiona mjanja.

Asubuhi ya sikukuu tuliamka kabla ya jua. Mume wangu aliwasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba, akalipepea mpaka makaa yote yakawa mekundu, hakuna moshi hata wa kusingiziwa. Ndipo akaliingiza ndani. Akatia kufuli mlango wa mbele, kwa nje, ili kila apitaye aone wenyewe hawapo, akazunguka na kuingia kwa mlango wa nyuma, akasukuma komeo. Tukafunga madirisha. Tukashusha mapazia. Harufu ya kitunguu isije ikatusaliti, nikakunja shuka kuukuu nikalisokomeza chini ya mlango wa nyuma.

"Una uhakika na jiko?" nilimuuliza.

"Mkaa ukishakolea hauna neno. Moshi ndio mbaya. Wewe unaona moshi?"

Sikuona. Shuleni tulichora mapafu tukayapaka rangi nyekundu, na mwalimu akanipa alama ya vema. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba kitu kinaweza kuingia mle bila kuonekana.

Tulikuwa wanne. Mama mkwe alikaa chumba cha pili, kitandani kwake. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo yeye akinong'ona, mtaa mzima unasikia.

"Kwani tumemwibia nani?" aliuliza.

"Mama, taratibu," mume wangu alimsihi.

"Nauliza tu. Maana nimeishi miaka yote hii, sijawahi kujificha na maharage."

Binti yetu akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ana miaka tisa. Tunamwita Kasuku, na hilo jina hatukumpa sisi, alipewa na walimu wake. Kumwambia Kasuku anyamaze kutwa nzima ni sawa na kumwambia asipumue. Baba yake akambunia mchezo: tuko safarini kweli, hiki chumba ni basi, anayepiga kelele anashushwa njiani.

Akajilaza kwenye mkeka, kichwa kwenye paja la baba yake, karibu na jiko palipokuwa na joto.

"Baba, sasa tumefika wapi?"

"Tumevuka daraja."

Baada ya kitambo: "Na sasa?"

"Tunapanda mlima. Basi limechoka."

"Mama, wewe unaona nini dirishani?"

"Ng'ombe," nikanong'ona, huku nikikoroga sufuria. "Wengi, na mmoja ana kofia."

Nakiri tulifurahi. Ilikuwa imepita miezi sijamsikia mume wangu akitania. Nikawaza, kumbe sikukuu inaweza kuliwa hata hivi, gizani, watu wanne na sufuria moja, mradi hakuna anayetuona. Kichwa kilianza kunigonga taratibu. Nikasema ni usingizi, tumeamka mapema mno. Mume wangu naye akaegemea ukuta, akafumba macho. Kasuku akauliza tena tumefika wapi, kwa sauti ya kukokota. Hakuna aliyemjibu, naye hakurudia.

Mama mwenzangu, nisome vizuri hapa. Mtoto aliponyamaza, nilishukuru. Nilisema moyoni, ahsante, leo amejua kutii.

Ndipo nikasikia hatua nyuma ya nyumba, na kopo likigongwa. Fundi cherehani alikuwa amekuja na pumba, anaita kuku. Sauti yake ilikuwa ng'ambo ya ukuta tu, nikinyoosha mkono ningemgusa kama si tofali. Nikageuka nimwekee Kasuku kidole mdomoni, asije akacheka. Hakuwa na haja ya kidole. Mdomo ulikuwa wazi kidogo na mkono umeanguka mkekani, kiganja juu. Nikamtikisa. Nikamtikisa tena. Nikamwita baba yake, naye akafungua macho kama mtu aliye chini ya maji, akayafumba.

Nilijaribu kusimama. Miguu ilikuwa sponji.

Na hapo, kabla sijapiga kelele, nilisita.

Hili sijamwambia mtu mpaka leo ninapoliandika. Si kwa muda mrefu. Pumzi moja, labda mbili. Nje yupo rafiki yangu na kopo la pumba, anadhani niko mbali kwa dada yangu. Ndani yupo mwanangu haamki. Na mimi katikati nawaza: nikiita, atajua. Nikaona uso wa msusi. Nikasikia lile neno. Nimeipima pumzi ile mara nyingi tangu siku hiyo, na haijawahi kuwa fupi.

Kisha nikaita. Sauti haikutoka, nilikuwa nimenong'ona asubuhi nzima na koo lilikuwa limekauka. Nikashika mfuniko wa sufuria, nikaupiga ukutani. Nikaupiga tena. Kopo la nje likanyamaza.

"Nani humo?"

"Sisi."

"Sisi nani? Si mmesafiri?"

"Hatukusafiri," nikasema. "Mtoto."

Nilisikia kioo cha dirisha lililo kando ya mlango wa nyuma kikivunjika, nikaona pazia likivimba, mkono ukaingia na damu kidogo kwenye kidole, ukapapasa komeo na kulivuta. Mlango uligoma kwa sababu ya shuka langu. Akaupiga bega. Mwanga ulipoingia uliniumiza macho. Alimshika Kasuku makwapani, akamburuta hadi uani penye upepo, akarudi kunivuta mimi, akamwagia mume wangu usoni maji ya bakuli la kuku. Mume wangu akatoka kwa magoti, akatapika ukutani. Wa mwisho alitoka mama mkwe kwa miguu yake mwenyewe, akiegemea mkongojo. Akatutazama tulivyolala mchangani.

"Sasa," akasema, "tumejificha vya kutosha?"

Kasuku alikohoa. Nimesikia vitu vingi vizuri maishani, na kikohozi kile kinavishinda vyote.

Zahanati tulipelekwa na jirani mwenye bajaji. Muuguzi wa zamu alimvika mtoto kinyago cha hewa, akatupima mapigo sote, kisha akaanza kuuliza huku akiandika.

"Mlipikia ndani kwa mkaa?"

"Ndiyo," akajibu mume wangu.

"Madirisha?"

"Tulifunga."

"Mlango?"

"Tulifunga."

"Kwa nini?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake. "Tulikuwa tumesafiri," akasema.

Muuguzi aliinua kalamu, akatutazama mmoja mmoja, akaamua kutoliandika hilo. Akatueleza taratibu, kama anayesema na watoto, kwamba mkaa uliokolea unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa hewa hiyo haimkabi mtu, inamlaza tu. Wengi huondoka wakidhani wamechoka. Alisema tungechelewa kidogo zaidi asingekuwa na la kutueleza. Tulikaa pale saa kadhaa, mpaka Kasuku alipoanza kumuuliza kwa nini kofia yake haina masikio. Hapo muuguzi akasema, huyu mchukueni.

Tulirudi jua likiwa limeshuka kidogo. Njiani nilipanga nitakavyoingia ndani moja kwa moja bila kumtazama mtu. Lakini uani kwangu mikeka ilikuwa imetandikwa. Wenzangu wote watatu walikuwepo na waume zao na watoto, na sufuria tatu zilizofunikwa. Dirisha lililovunjika lilikuwa limezibwa kwa kipande cha kitambaa cha sare, kimekatwa sawasawa na kushonwa pindo. Fundi cherehani hawezi kuacha kitu bila pindo.

Nikasimama mlangoni pa ua, nikingoja kicheko. Kilikuja.

"Karibuni, wasafiri!" akasema yeye, kidole kimefungwa kitambaa. "Dada yako hajambo? Barabara zilikuwaje?"

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama mkwe, ambaye sidhani alisikia. Mimi nililia kwanza. Kucheka kulikuja baadaye.

Nilipomvuta fundi kando nikamwambia niliyoyasikia saluni, alishika kiuno.

"Tulikaa, ni kweli. Tulisema zamu yako ibaki yako, hapa hapa kwako, ila kila mtu aje na sufuria. Usibebe peke yako mwaka kama huu. Nilikuwa nakuja kukuambia, wewe ukanitangulia na safari yako. Nikajua ni uongo, shoga. Wewe ukidanganya unatazama cherehani."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Nikadhani unataka kupumzika mbali na sisi. Nikasema nikuheshimu." Akakaza kitambaa cha kidoleni. "Asubuhi nilipoona kufuli mbele, nikaamini mmesafiri kweli. Nilitaka kumwaga pumba pale kwenye lango niondoke, nisifike hata nyuma."

Tukarudi mikekani. Tulikuwa tumeheshimiana vya kutosha siku ile.

Maharage yangu yalikuwa hayajaiva. Tuliyarudisha kwenye jiko lile lile, safari hii katikati ya uwanja, na watu wakayasubiri, ingawa sufuria tatu zilikuwa tayari. Yalipoiva nilipakua mimi. Zamu ilikuwa yangu. Nikamwaga mchuzi kwenye mkeka wa watu, na hakuna aliyeinua macho. Walisogeza sahani tu. Mume wa fundi akamuuliza mume wangu kama anaweza kumkarabatia godoro lililobonyea, naye akaanza kueleza mambo ya sponji kwa mikono yote miwili, kama zamani.

Kasuku alikuwa amelala kwenye mapaja ya bibi yake. Kila alipofumba macho nilimgusa. Mwishowe akachoka na mimi, akainuka.

"Mama, sasa tumefika wapi?"

Nikamsogezea sahani.

"Tumefika, mjukuu wangu," mama mkwe akasema, na mtaa mzima ukasikia. "Teremka ule."

Nimeyaandika haya ili mama mwingine ayabandike karibu na jiko lake. Ya kuepuka ni haya:

Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama mkaa ni mwekundu na hauna moshi.

Usizibe chini ya mlango wakati moto unawaka ndani.

Usitie kufuli kwa nje nyumba yenye watu.

Usidharau kichwa kinachogonga na miguu inayolegea mkiwa wawili au zaidi mnaojisikia hivyo. Tokeni kwanza, ulizaneni baadaye.

Usichukue maneno ya saluni ukayapeleka moja kwa moja moyoni. Pitia kwanza kwa wale wanaodaiwa kuyasema.

Usiagize kuku wako walishwe na mtu unayemkimbia. Au mwagize. Hili sijaamua.

Na mtoto msemaji akinyamaza ghafla, usishukuru. Nenda kamtazame.