Upupu wa Kibwana

Pale kijijini Umwe upupu ulikuwa ukimwogopa Kibwana. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe. Tangu utotoni aliuchuma kwa mikono mitupu, akaupukutia kwenye mikeka ya mashemeji, kisha akakaa pembeni kuwatazama wakicheza ngoma isiyo na mpigaji.

Kwa hiyo mwaka ule wa vita, askari wa Mdachi walipokuwa wakichoma vijiji, hakuna aliyeuliza nani atautega upupu kwenye kijia cha kwenda maficho ya wanawake na mpunga.

"Nipisheni," alisema Kibwana. "Ninyi mna ngozi za watoto wachanga."

Akaukumbatia mzigo wa maganda, kifua wazi. Hakufika mbali. Shingo ikaanza, mara kwapa, mara tumbo. Akauma meno, akajidai anafukuza mbu. Mwishowe akautupa mzigo, akagaagaa topeni akilia "Mama wee!" mbele ya wanaume aliowacheka maisha yake yote.

Hawakumcheka. Hapo ndipo alipoogopa. Wote walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ya kuzuia risasi, na mwiko waliupokea pamoja: mtu asimkaribie mkewe mpaka vita viishe. Anayeuvunja, dawa humtoka, akawaponza na wenzake. Huyo hufukuzwa, akapambane peke yake na askari.

"Kibwana," alisema Sadala, mkubwa wao, taratibu. "Upupu haujawahi kukuwasha. Leo umekuwasha. Umevunja mwiko?"

Macho yote yakamgeukia Fatu, mkewe, aliyekuwa amewaletea chakula.

Kibwana alikuwa na jibu. Akaendelea kujikuna tu. Fatu akamngoja, akamngoja tena, kisha akatua kapu chini.

"Basi nitasema mimi, baba. Mwaka jana, kabla ya dawa, aligusa upupu akavimba mikono. Nilimpaka majivu mpaka asubuhi. Akaniapisha nisiseme, ati jina lake litapotea. Ngozi yake imegeuka tu."

Sasa wakacheka. Shaabani, shemeji wa Kibwana, alishikilia mti asianguke. "Kumbe shujaa anapakwa majivu kama muhogo wa kuchoma!"

Kibwana aliinama. Kicheko angekimeza. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa radhi mkewe ashukiwe, mradi yeye asijulikane kuwa anawashwa.

Fatu alichana kaniki yake, akajifunga mikono, akamtupia kipande kilichobaki.

"Jifunge. Askari hawatungoji."

Akajifunga. Wakaenda kutega, Fatu mbele, yeye nyuma, na kijia kizima hakumtania mtu.