Mwezi Mchoyo

Mama alikuwa na binti mtaalamu wa mambo ya anga, na kwa miaka mingi hakujua amtambulishe vipi kwa watu. Neno "mnajimu" alilijaribu mara moja tu. Kesho yake jirani akaja na tarehe ya kuzaliwa ya mumewe, akitaka nyota zimwambie kama bwana ana nyumba ndogo. "Mtaalamu wa falaki" nalo lilikuwa refu, na kuna waliolisikia wakampa pole kana kwamba ni ugonjwa. Basi Mama akajitungia sentensi yake mwenyewe: "Anapima mwanga." Ilikuwa fupi, ilikuwa kweli, na haikumleta mtu mlangoni.

Kwamba mwanga ni yule pia anayezunguka nyumba za watu usiku akiwa uchi, Mama hakuwahi kulifikiria. Alilifikiria siku ile walipokwenda kumposea Kitinda mke, na wakati huo maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka.

Kitinda alikuwa mwanawe wa mwisho, karani mpole asiyependa ugomvi hata na mbu. Siku moja alikwama ndani ya lifti ya ofisini kwao. Aliyekuja kumtoa alikuwa msichana mwenye bisibisi mdomoni na grisi kwenye paji la uso, fundi wa lifti, na tangu mlango ule ufunguliwe Kitinda hakuwa mtu mzima tena. Lifti iliendelea kuharibika mara nyingi mno kwa lifti ya umri wake, mpaka meneja akaanza kumtilia shaka.

Walikwenda watu wanne. Kitinda mwenyewe, Mama, dada yake yule mpima mwanga ambaye nyumbani wanamwita Dada Mkubwa, na mjomba wao, ambaye ndiye msemaji. Mjomba alikuwa dalali wa samani zilizotumika. Aliweza kulisifia kabati lisilo na mlango mpaka mnunuzi akaona mlango ni ushamba. Nani basi angemzidi kwa kuposa?

Mwenyeji wao alikuwa shangazi wa msichana, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Shangazi alikuwa dobi wa mahoteli, na sebule yake ilisema hivyo. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe, mapazia meupe, hata redio ilifunikwa kitambaa cheupe. Wageni walikaa kwenye ncha za viti kwa hofu ya kuacha alama. Mtaani Shangazi alisifika kwa mambo mawili: weupe wa nguo zake, na wepesi wa chai yake. Ukipewa kikombe pale kwake, unaliona ua lililochorwa chini, na ukiwa na macho mazuri unahesabu na petali zake.

Mjomba alianza vizuri. Alisema wao ni watu waliotoka usiku wakakuta mbinguni ni giza, wakauliza mwezi umekwenda wapi, wakaambiwa umeteremkia nyumba hii, na sasa wamekuja kuuomba. Shangazi alitabasamu, akarekebisha kitambaa cha kiti, akaanza kuwauliza wageni kazi zao, mmoja mmoja. Alipofika kwa Dada Mkubwa, Mama akamwahi.

"Anapima mwanga," alisema.

Kikombe cha Shangazi kilisimama njiani. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kazi hiyo hufanywa usiku. Mama, ambaye hajui kudanganya, alijibu kwamba ndiyo, mara nyingi ni usiku, na kwamba binti yake amejaliwa, ana kipaji nayo tangu utotoni. Kitinda alikohoa kama mtu aliyemeza kifungo.

Ikabidi Dada Mkubwa aingilie. Alieleza kwamba yeye si mwanga wala hajui kuwanga. Mwezi na sayari, alisema, havitoi mwanga vyenyewe. Hupokea wa jua na kurudisha sehemu yake, na kila uso hurudisha kwa kadiri yake: barafu hurudisha mwingi, mwamba mweusi hurudisha kidogo. Yeye hupima ni kiasi gani kinachorudi, na kwa kipimo hicho watu wakajua kule juu kuna nini bila kwenda kukanyaga.

Shangazi alishusha pumzi. Kwa kutaka kuonyesha kwamba yamekwisha, akauliza swali la adabu tu: mwezi, bila shaka, ndio unaorudisha kuliko vyote?

Hapo ndipo ndoa ilipoweza kufungwa kwa neno moja, "ndiyo". Lakini Dada Mkubwa alikuwa mtu ambaye ukimuuliza saa atakutajia saa, kisha akwambie saa yake inakosea kwa kiasi gani.

"Hapana, Shangazi," alisema. "Mwezi ni mweusi. Ukiupa mia, unarudisha kumi na mbili hivi. Ni kama lami iliyochakaa."

Mjomba, ambaye mwezi ule ulikuwa wake, alifumba macho kama mtu anayeona kabati likidondoka kutoka kwenye lori.

Shangazi aliweka kikombe chini taratibu. "Unaupa mia, unakurudishia kumi na mbili," alisema. "Mjomba wako kasema mtoto wangu ni mwezi. Wewe wasema mwezi ni mchoyo. Basi semeni tu wazi mliyoyasikia huko mtaani."

Hakuna aliyekuwa amesema. Ila macho ya wageni wote, bila kukusudia, yaliteremka kwenye vikombe, na maua ya chini ya vikombe yakawatazama.

Mdomo huponza kichwa, na wa Dada Mkubwa ulikuwa bado haujachoka. Alitaka kutengeneza. Akasema wapo wanaorudisha sana. Zuhura, kwa mfano, katika mia hurudisha kama sabini na tano. Uso wa Shangazi ulianza kulegea, akauliza huyo Zuhura ana nini hata awe mkarimu hivyo. Ana mawingu. Mawingu ya mvua? Hapana, ya tindikali. Mama alimfinya binti yake pajani. Dada Mkubwa akamwacha Zuhura haraka, akakimbilia kimwezi kimoja kidogo cha sayari ya Zohali, kilicho cheupe kuliko vyote na kinachorudisha karibu kila kitu. Shangazi aliuliza ni kwa nini. Akajibiwa kwamba kimefunikwa barafu tupu, na baridi yake ni ya kuua.

"Mwanangu," Mjomba alisema kwa upole, "nyamaza."

Waliondoka bila jibu. Ndani ya gari Mjomba alisema amekwisha kuuza meza za miguu mitatu na magodoro yenye historia, lakini hajawahi kwenda mnadani na mtu wa kwake mwenyewe anayewaonyesha wateja palipooza.

Nyumbani Kitinda hakumlaumu dada yake. Angelaumu, ingekuwa nafuu. Aliacha kula tu, akawa anapanda ngazi kazini ijapokuwa lifti ilikuwa nzima. Mama alimwambia Dada Mkubwa ampigie simu Shangazi, amwambie kwamba alikosea, mwezi ni mweupe pepepe. Ni neno dogo, na mwezi hautasikia. Dada Mkubwa aliishika simu. Alijifungia chumbani akajizoeza mbele ya kioo: nilikosea, Shangazi, nilikosea. Kila alipofika kwenye weupe wa mwezi ulimi ukawa mzito. Alimpenda mdogo wake kuliko alivyoupenda mwezi, hilo alilijua, lakini simu aliirudisha mezani.

Akiwa katika hali hiyo, fundi wa lifti akamjia kazini, mchana, na sanduku lake la zana. Alikaa bila kungoja kukaribishwa.

"Shangazi anasema ulitutukana," alisema. "Mimi nimekuja kuuliza kama ni kweli."

"Kwamba nilitukana?"

"Kwamba mwezi ni mweusi."

Dada Mkubwa alisema ni kweli. Kwa nini basi unaonekana mweupe? Kwa sababu usiku kila kilichouzunguka ni cheusi kuliko wenyewe. Msichana aliwaza kidogo, akasema kwamba katika kazi yake watu hawabishani kama lifti inapanda au haipandi, wanabonyeza kitufe. Je, hakuna kitufe hapa? Dada Mkubwa akasema kipo. Siku moja kabla mwezi haujajaa, huchomoza jua likiwa bado halijazama. Ukisimama ukalipa jua mgongo, ukaweka mbele yako kitu unachokijua, chini ya mwezi, jua lile lile linaviangaza vyote viwili. Unafumba jicho moja, unatazama kwa mrija ili mbingu isikudanganye, unalinganisha. Vyombo vyake vya kazini hufanya hivyo hivyo, kwa ustadi zaidi na kwa gharama ya kutisha.

"Basi njooni kwetu," msichana alisema. "Juu ya paa, anakoanika Shangazi. Tutaona wote. Kama ni kweli, si tusi."

Siku hiyo ya kabla mwezi haujajaa ilipofika, wakaenda tena, wale wale wanne. Dada Mkubwa alibeba mirija ya karatasi ngumu na kipande cha lami alichokiokota barabarani. Mama aliuliza kuna nini ndani ya mfuko. Alipoambiwa, akaomba Mungu kimoyomoyo, safari nzima.

Paa lilikuwa bapa, na kamba za nguo zilikwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Mashuka yalikuwa bado yananing'inia. Shangazi aliwapokea kwa salamu fupi na mikono iliyokunjwa kifuani. Jua lilikuwa nyuma yao, chini, na mwezi ulikwisha kuchomoza mbele, umefifia, juu ya mapaa ya majirani. Dada Mkubwa aliweka kipande chake cha lami juu ya ukingo.

Shangazi alikitazama. Alisema yeye hatasimama juu ya paa lake mwenyewe akiufananisha mwezi na uchafu wa barabara. Kama ni lazima ufananishwe, ufananishwe na kitu cha heshima. Akachagua shuka moja, akalivuta kwenye kamba mpaka likawa chini ya mwezi kabisa, akalinyoosha kwa viganja, akabana vibanio.

Wa kwanza kutazama alikuwa msichana. Alihamisha mrija kutoka mwezini mpaka kwenye lami, akarudi, akasema vinakaribiana, ila lami imezidi kidogo. Dada Mkubwa alifungua kinywa aeleze kwamba mwezi ukiwa chini mwanga wake hupita katika hewa nyingi na vumbi, kwa hiyo yafaa kusahihisha kidogo. Msichana alimkanyaga mguu kwa kiatu chake cha kazi, chenye chuma mbele. Hayakusemwa tena masahihisho.

Kisha Shangazi akauchukua mrija. Alitazama mwezi kwa muda mrefu. Aliushusha mrija kwenye shuka, akautuliza hapo. Akaupandisha tena. Wengine walisimama bila kusogea, na Kitinda alishika kamba ya nguo kama abiria.

"Shuka limeushinda," Shangazi alisema.

Alitazama tena, safari hii kwa jicho la pili, kana kwamba lile la kwanza lingeweza kuwa na upendeleo.

"Limeushinda mbali," alisema. "Na hili ni la hoteli tu. Hata si la nyumbani."

Mjomba alikuwa dalali, na dalali huijua saa yake ikifika. Alisema polepole, kama anayezungumza peke yake, kwamba ndiyo hivyo, ulimwengu mzima umekaa ukiusifu mwezi kwa sababu haujaona kufua kwa mama huyu. Shangazi alimwambia aache maneno yake, lakini alikuwa amekwisha kumwita jirani wa paa la pili aje kutazama. Jirani alikuja, na mumewe, na mama mkwe wake, na mirija ikawa haitoshi.

Shangazi alitaka kujua shuka lake linarudisha ngapi. Dada Mkubwa alisema themanini, pengine zaidi. Bila kipimo hawezi kuapa. Akapewa foronya iliyokunjwa vizuri aende nayo kazini, akaagizwa asiishike kwa mikono michafu.

Kuhusu uchoyo, Shangazi alilimaliza mwenyewe wakiteremka ngazi. Alisema kama mwezi unatoa kumi na mbili katika mia, na bado watu wanautungia nyimbo, basi wanaomsema yeye wana lao jambo. Chai ililetwa, na ilikuwa ile ile. Wageni waliinywa yote. Kabla vikombe havijaondolewa, msichana alisema kwamba yeye jibu lake alikuwa nalo tangu ile lifti, walikuwa wanasubiriwa wao tu. Kitinda alicheka, kisha akalia, kisha akaomba chai nyingine.

Wakati wa kurudi, Mjomba na Kitinda walikaa nyuma wakipanga mambo ya harusi kwa sauti kubwa. Dada Mkubwa aliendesha. Mama alikaa mbele, foronya mapajani. Walikuwa wamefika barabara kuu alipogeuka.

"Yale mawe madogo unayosema yanazunguka huko juu," alisema. "Hayo yako mbali mno kutundikiwa shuka. Unajuaje kama ni meupe au meusi?"

Dada Mkubwa alimtazama, ikabidi arudishe macho barabarani haraka. Tangu aanze kazi hiyo Mama alikuwa amemuuliza kama amekula, kama amevaa sweta, kama kuna wanaume wa maana pale. Hili lilikuwa la kwanza.

Akasema ni swali zuri, ndilo gumu kuliko yote. Jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi huonekana kwa darubini sawasawa. Lakini jeusi hulinyonya jua, likapata moto, na moto nao unapimika. Kwa hiyo wao hupima mara mbili, mwanga unaorudi na joto linalotoka, kisha wanaviweka pamoja. Alieleza namna joto linavyopimwa, na kwa nini vyombo vyenyewe lazima vipozwe kwanza, na jinsi mara moja jiwe moja lilivyowasumbua wiki nzima kwa sababu lilikuwa linajizungusha.

Kwenye taa nyekundu aligeuka aone kama ameeleweka. Mama alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, foronya ameishika kwa mikono miwili.

Taa ikawa ya kijani. Dada Mkubwa akaendelea kueleza mpaka mwisho.