Sauti Ilipofika Mfongoni

Haya nilisimuliwa na Stella mwenyewe, Jumapili ya Matawi mwaka 2004, tukimenya ndizi za mtori.

Baba yake, mzee Basili, alipoona safari imekaribia, aliomba redio ya kaseti imrekodi, akausia kwa kinywa chake. Jovin, kaka mtu, alikuwa kwenye biashara zake Sanya Juu. Aliyeshika redio ni Stella, yule aliyeachika akarudi nyumbani kumwuguza mzee. Migomba ya juu akapewa Jovin. Ya chini, kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, akapewa Stella. Kwa mwanamke wa kwetu hilo si dogo. Bila neno la baba hana hata pa kuzikwa.

Mazishi yalipopita Jovin akaiomba kaseti, eti aipeleke mjini ikasafishwe na kutiwa kwaya, isikike vizuri siku ya kumaliza matanga. Stella akampa kwa mikono miwili.

Siku ikafika, ukoo ukakaa uani. Sauti ya mzee ikatoka safi, utadhani yupo. Migomba ya juu ni ya Jovin. "Na ile ya chini, kando ya mfongo..." Hapo ikaanza kushuka. Haikukatika, ilishuka polepole, kama mtu anayeteremka kilima huku akiongea, na kwaya ikapanda nyuma yake. Pa kutajwa Stella, pakawa kwaya tupu. Wanawake wakalia.

"Baba hakuishia hapo," Stella akasema.

"Mwanangu, pumzi ilimwishia. Tumesikia sote," akajibu Wenseslaus, baba yake mdogo.

Kesho yake Stella akashuka Moshi kwa Hafidhi, fundi wa studio aliyeisafisha kaseti. Hafidhi akamwonyesha kwenye kompyuta mstari ulioinama kama mteremko.

"Dada, kaka yako alisema hapo marehemu anakoroma, nimstiri. Nikauvuta huu ushuke taratibu, watu wasishtuke."

Stella akamwomba aupandishe. Akaupandisha, ikazidi kupiga kelele kwaya. Sauti ya mzee kabla ya kutiwa kwaya alishaifuta, kompyuta ilijaa, na kaseti alirudi nayo Jovin. Lakini jina la Stella Hafidhi alilisikia kwa masikio yake, na aibu ilimshika. Akaahidi kupanda Jumapili awaeleze wazee.

Stella akarudi mlimani amechangamka kidogo. Uani akamkuta Jovin ameshika jani la isale, lile la kuombea msamaha, baba mdogo pembeni yake. Habari za mjini zilimtangulia.

"Dada yangu, kama kuna nililokukosea, nisamehe."

Hakusema lipi. Na isale halikataliwi. Ukishalipokea, neno lile halifukuliwi tena mbele ya ukoo, hata shahidi akija. Jovin alilijua hilo tangu utoto, ndiyo maana aliwahi. Stella alilitazama lile jani mpaka Wenseslaus akakohoa. Akalipokea.

"Kaseti iko wapi?" akauliza.

"Isale umeshapokea, dada."

Usiku huo hakula. Kitandani akayarudia maneno ya baba kwa midomo tu, asije akayasahau: migomba ya juu ni ya Jovin, na ile ya chini, kando ya mfongo. Hapo usingizi ukamchukua.