Afande wa Nekoye

Likizo ya Aprili mwaka wa 2004, Nekoye alirudi Kitale kichwa kikiwa kimenyolewa. Si kupunguzwa, kunyolewa, mpaka kovu la utotoni juu ya sikio likaonekana na kila mtu. Mama yake, Phelista, alikuwa na mteja katikati ya magoti, vidole viko kwenye nywele, na vidole hivyo vikasimama.

Phelista alikuwa msusi. Yeye na mwenzake Pauline walisukia watu kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, viti viwili na kioo kimoja. Tangu Nekoye akiwa mtoto wa nasari, kila likizo ilianza hivyo hivyo: anakaa chini, mama anafumua mistari ya shule, anachana, anapaka mafuta, anasuka upya. Kazi ya mchana mzima. Na mchana huo ndio Nekoye alikuwa akimwaga habari zote, nani amefeli, nani anaongea akilala, mwalimu gani amegombana na mwenzake. Baba Nekoye alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita na mtoto mwingine hakuwepo. Mchana ule wa kusuka ndio uliokuwa utajiri wa Phelista.

"Wacha nicheke mimi," Pauline akasema. "Ati mtoto wa msusi ndiye amekuja na para. Si wateja watatukimbia."

"Bereti inakaa vizuri hivi, auntie," Nekoye akajibu. "Na afande anasema nywele isimmalizie mtu saa zake."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Phelista kulisikia jina hilo, afande. Kufika jioni alikuwa amelisikia mara kumi na moja. Alihesabu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nekoye alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana upande wa Kimilili. Januari ile mwalimu mkuu, Madam Nasimiyu, alikuwa ameleta wanajeshi wastaafu wawili kufundisha wasichana uongozi, Jumatano na Jumamosi. Mmoja ni mzee Walubengo, koplo wa zamani, mtu wa Kanduyi. Wa pili ni mwanamke, Sajenti Nyaruai, aliyestaafu akarudi kwenye shamba la wazazi wake Kachibora. Huyo ndiye aliyekuwa afande wa Nekoye. Hakuwa na mume wala mtoto. Hilo Phelista aliliuliza mapema, akalifunga kama fundo kwenye ncha ya leso.

"Kumbe mnafundishwa kupiga watu bunduki?"

"Hapana, mama. Hakuna bunduki. Tunafundishwa kuongoza watu. Kutoa amri bila kupiga kelele. Kujua jina la kila mtu kwa kikosi chako, na kama amekula. Afande ananiambia mimi nina sauti."

"Sauti uliitoa wapi? Si kwangu?"

Nekoye akacheka. Alidhani ni mzaha.

Siku ya tatu ya likizo, Phelista alirudi nyumbani akiwa amesimama tangu asubuhi, anasuka bibi harusi na dada zake wanne. Alipokaa tu kitandani, Nekoye akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akavua viatu vya mama, akaanza kuiangalia miguu yake kidole kwa kidole.

"Unafanya nini?"

"Nakagua. Kiongozi wa kikosi anakagua miguu ya watu wake wakitoka safari. Hapa una lengelenge, mama. Hapa pia ngozi imeanza kupasuka. Afande alituonyesha."

Kama mtoto angenyamaza kabla ya yale maneno ya mwisho, Phelista angelia kwa furaha. Lakini alivuta miguu, maji yakamwagika sakafuni.

"Miguu yangu imekulea bila kukaguliwa na jeshi," akasema. "Toa hiyo beseni."

Nekoye alipanguza maji. Alidhani mama amechoka.

Wivu wa mama haufanani na wivu mwingine. Unakuja umevaa nguo za huruma, unasema, mimi namfikiria mtoto tu. Phelista alianza kufikiria mtoto. Mtoto amekonda. Mtoto anaamka saa kumi na moja hata likizo na kutandika kitanda kikawa kama ubao. Mtoto akiitwa anajibu "naam" haraka mno. Kila alichokiona alikipeleka kwa Pauline, na Pauline, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda hadithi ipate chumvi, akawa anamwambia, "Huyo mwanamke hana mtoto wake, bana. Amepata wako tayari amelelewa. Hata mimi ningechukua."

Juni ikafika na siku ya wazazi kutembelea watoto. Phelista alichinja jogoo, akapika chapati kumi, akafika Kimilili mapema kabla ya wazazi wengine. Alimwona mwanawe kwa mbali, kwenye nyasi nyuma ya ukumbi. Nekoye amesimama mbele ya wasichana thelathini, mkono ubavuni. Alisema neno moja, si kwa nguvu, na wote wakageuka kama mlango mmoja. Kando yake alisimama mwanamke mrefu mwenye mvi, amevaa sweta ya kawaida na viatu vya kung'aa. Yule mwanamke aliinama, akamwambia Nekoye kitu sikioni. Nekoye akacheka kicheko ambacho Phelista alikuwa akikijua. Kilikuwa kile cha mchana wa kusuka.

Walipokaa kula, Nyaruai alikuja kuwasalimia. Alishika mkono wa Phelista kwa mikono miwili.

"Mama Nekoye, asante kwa huyu. Ndiye atakuwa kamanda wetu wa gwaride Kanduyi mwezi ujao, shule zote za Bungoma na Trans-Nzoia zitakuwa uwanjani. Na hiyo mambo ya jeshi, usiogope. Amalize kidato cha nne kwanza. Mimi mwenyewe nimemwambia asikimbie."

"Mambo ya jeshi gani?"

Nyaruai akamtazama Nekoye, kisha mama. "Kwani hajakuambia anataka kuingia jeshi?"

Nekoye alikuwa ameshika paja la kuku, hakulipeleka mdomoni. "Nilikuwa nataka kukuambia likizo, mama. Ulikuwa umekasirika."

Phelista alitabasamu. Alimkaribisha afande chapati, akamwambia achukue mbili. Miaka yote alikuwa akimwambia Pauline kwamba binti yake atakuwa nesi, na binti mwenyewe alikuwa amelitoa la moyoni mwake kwa mwanamke wa Kachibora.

Nekoye alipochuchumaa kukusanya vyombo, sketi ilipanda kidogo na Phelista akaona magoti, yote mawili yana vigaga vya vidonda.

"Hayo?"

"Niliteleza kwa bomba la maji nikiwa na ndoo. Imepona."

Phelista alisikia, na alielewa. Alimwamini hata. Lakini miguu yake ilimpeleka ofisini kwa Madam Nasimiyu, na akiwa amesimama mbele ya meza alisikia mdomo wake ukisema: "Madam, mtoto wangu ameniambia huyo afande anawatembeza kwa magoti juu ya kokoto. Ameniambia analia usiku. Magoti yake nimeyaona na macho yangu."

Madam Nasimiyu alivua miwani. "Nekoye ndiye amesema hivyo?"

"Ndiye."

Neno moja tu. Alirudi Kitale akijisikia mwepesi, kama mtu aliyetema mfupa.

Baada ya siku tisa barua ya shule ikaja, ikimtaka afike Jumatano. Ofisini alimkuta mwalimu mkuu, Nyaruai ameketi mgongo umenyooka, na Nekoye amesimama. Phelista hakuwa amefikiria hilo. Alidhani watamwondoa yule mwanamke polepole, kama mpangaji anayeambiwa nyumba inataka kupakwa rangi. Hakufikiria kwamba mtoto ataulizwa.

"Nekoye," Madam Nasimiyu akasema, "nimeuliza wasichana thelathini. Hakuna aliyewahi kuona kokoto wala magoti. Sasa nakuuliza mbele ya mzazi wako. Ulimwambia mama yako kwamba Sajenti Nyaruai anawatesa?"

Nekoye aligeuza uso, akamtazama mama yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma barua fupi mara mbili, kuhakikisha ameelewa. Phelista angesema wakati huo, yangeisha. Aibu ingekuwa yake, na angeibeba mpaka Kitale. Alishika mkoba kwenye mapaja, akanyamaza.

"Ndio, madam," Nekoye akasema. "Nilimwambia."

"Na ni kweli?"

"Si kweli. Nilidanganya. Mama hana makosa."

Nyaruai alifumba macho kidogo. Akauliza kwa upole, "Nilikukosea wapi, Nekoye?"

"Hukunikosea, afande."

"Basi kwa nini?"

Mtoto hakuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa limeketi na mkoba mapajani.

Alipewa wiki mbili nyumbani. Ukamanda akapewa msichana mwingine, Chepchumba. Nyaruai alitoka kwanza.

Ndivyo Phelista alivyojibiwa swali alilokuwa amelibeba tangu Aprili. Alitaka kujua kati yake na yule mwanamke, mtoto anampenda nani zaidi. Mtoto alimjibu mbele ya watu, akalipa kila alichokuwa nacho. Na Phelista alipata binti yake nyumbani, katikati ya muhula, siku kumi na nne, peke yake.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Nekoye alifua, alipika, alichota maji. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiulizwa unataka kula nini, anasema chochote. Pauline alipokuja kuuliza mtoto amefanya nini shuleni, Nekoye mwenyewe alijibu, "Nilisema uongo, auntie," akaendelea kuchambua mboga. Pauline, kwa mara ya kwanza, alikosa la kuongeza.

Siku ya nane Phelista akamwambia, "Kwa nini hukusema ukweli?"

"Ulitaka nisemeje, mama? Niseme mama yangu ni mwongo, mbele ya madam?"

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi ya Kanduyi. Phelista aliamka, akavaa, akafunga kibanda, akashuka Bungoma bila kumwambia mtu. Uwanja ulikuwa umejaa wanafunzi wa sare za kila rangi. Alimwona Chepchumba akitoa amri, na moyo wake, ambao haukuwa umejifunza chochote, ukaanza kutafuta makosa: sauti nyembamba, hatua fupi. Hakukuwa na makosa. Msichana alifanya vizuri.

Aliwapata Nyaruai na Madam Nasimiyu kando ya hema la wageni. Hakungoja salamu ziishe.

"Nekoye hakuniambia kitu. Ni mimi. Nilitunga. Alinisitiri."

Madam Nasimiyu alivua miwani tena. "Jumatatu mlete shule," akasema. "Na wewe utakuja paredi, uwaambie wasichana wote, kwa sababu wote wameambiwa yeye ni mwongo."

"Nitakuja."

Nyaruai alimgeukia. "Mimi nimefundisha watu miaka ishirini na moja," akasema. "Huwa najua mtu akidanganya. Siku hiyo sikujua, kwa sababu nilikuwa nimeumia. Wewe ulimsingizia, Mama Nekoye, lakini mimi niliamini. Hata mimi nina la kumwambia." Kisha akauliza, si kwa ukali, "Nilikufanyia nini?"

Phelista aliangalia uwanja. "Alikuwa akicheka na wewe," akasema.

Nyaruai hakumcheka kwa hilo. Aliitwa na wasichana wake, akaenda.

Nekoye alikuwa akimenya viazi mama yake alipoingia. Phelista alimwambia yote akiwa bado amesimama, mkoba mkononi, asijipe nafasi ya kulainisha. Mtoto aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha.

"Chepchumba alisimama vizuri?"

"Alisimama vizuri."

"Hakusahau kugeuza safu ya nyuma?"

"Sijui hayo. Ila waligeuka wote."

Nekoye alitikisa kichwa kukubali. Macho yake yalijaa, akayapanguza kwa mkono wa sweta, akachukua kiazi kingine.

"Mama, siku nyingine ukikasirika na mtu, mwambie na mdomo wako. Usichukue wangu."

"Sitachukua."

"Na bado nataka kuingia jeshi."

Phelista alivuta stuli, akakaa mbele yake. Alikuwa na maneno mengi ya kupinga, yote yakiwa tayari.

"Niambie," akasema. "Anza mwanzo."

Nekoye alimtazama, akipima. Kisu kilisimama juu ya kiazi. Hakuwa bado ameamua kama atamwambia.