Siki ya Saa Nne

Tajiri wa karakana ya kushona sare alipofuta chai na mkate wa saa nne, alisema sukari inaua. Mezani zikabaki chupa za siki, sosi ya nyanya na pilipili. Bi Kifungo, fundi mkongwe wa cherehani, hakubishana. Wiki hiyo wifi yake, mpiga pasi, alikuwa ameanguka kwa njaa na pasi ya moto mkononi, na Bi Kifungo aliogopa kuliko alivyoonyesha. Akachemsha maji, akakoroga sosi kijiko kimoja, siki matone machache na pilipili ya kuchangamsha.

"Wifi, hiki kinywaji au mboga?" mpiga pasi akauliza.

"Kunywa. Kama ni kuchagua, ungechagua siku ulipoolewa na kaka yangu."

Akanywa. Mafundi wote wakanywa. Kufikia saa tano matumbo yao yalikuwa yanaonyesha ndani kama glasi, blauzi na vyote. Hakuna aliyeacha kushona, maana oda ilitakiwa Ijumaa.

Muuguzi wa karakana akapita na tochi, akachungulia tumbo moja baada ya jingine. Nyanya haina ubaya, akasema. Siki ni sawa kwa asiye na vidonda vya tumbo. Ila chumvi imezidi, na sukari iliyomo kwenye sosi si haba.

"Na chakula?" Bi Kifungo akauliza.

"Chakula sikioni."

"Basi mwite tajiri naye asikione."

Tajiri akaja, akasimama mbele ya mpiga pasi. Aliona tumboni maji mekundu kidogo, na kupitia humo saa ya ukutani iliyokuwa nyuma yake. Akailinganisha na saa yake ya mkononi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu sasa alimjua mpaka utumbo.

"Wateja wakiingia hapa wataona nini?" akasema.

Akaagiza kila fundi avae aproni nyeusi, ya kitambaa kizito.

Bi Kifungo alikasirika mpaka uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Wifi yake akaupokea, akautunga, akamrudishia sindano. Kisha akaenda kuchemsha maji mengine.

Aproni walizishona wenyewe, kila siku saa nne, kwa kuwa muda huo sasa ulikuwa wazi.